Madoa ya Kisigino kwenye Salensa: Lisome Doa Kabla ya Kulisugua

Masika yakianza kunyesha Kisumu, ombi moja la wenye pikipiki hunifikia kibandani hapa Kondele karibu kila juma: "Fundi, nitolee hii lami kwa salensa." Huwa si lami. Ni soli ya buti lake mwenyewe, imeyeyuka kidogo kidogo juu ya lile bomba la moshi lenye moto mpaka ikawa ganda jeusi linalong'aa. Mwenyewe amelisugua Jumapili nzima kwa waya wa sufuria, limetoka, na kufikia Jumatano limerudi palepale, upana uleule.

Kurudi palepale ndiko kunakonifanya niandike haya. Doa linalorudi mahali pamoja limeletwa na mguu unaotua mahali pamoja, na mguu hauji pale bila sababu. Labda kikanyagio, pale pa kuegemeza mguu, kimepinda, pedali ya breki imekaa juu, kinga ya salensa ilidondoka njiani, au buti ni kubwa kuliko mguu. Ukiondoa doa ukaacha sababu, utanunua sabuni mwaka mzima, na mwisho utaikwangua kromu mpaka kutu ianze kula chuma cha chini. Kwa hiyo tutaanza na kulisoma doa. Kusafisha kutafuata.

Elewa kwanza upande wenyewe. Pikipiki nyingi za kazi tunazoendesha huku, Boxer na TVS HLX zikiwemo, zina salensa upande wa kulia. Pedali ya breki ya nyuma iko kulia pia, na kiki, ule mkono wa kuwashia injini kwa mguu, iko kulia. Mguu mmoja una kazi tatu upande wenye moto: kutua kwenye kikanyagio, kukanyaga breki, kupiga kiki. Kila kazi huacha doa la umbo lake.

Kipimo cha chaki

Fanya hivi bomba likiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi kabla ya safari ya kwanza. Vaa kiatu chako cha kazi, kilekile, usivae cha kanisani. Paka chaki nyeupe nzito ukingoni mwa kisigino cha kulia, upande wa ndani na nyuma. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, kaa kama unavyokaa siku zote, kisha endesha hewani kwa dakika mbili: kanyaga breki mara kumi, achilia, geuka kama unaongea na abiria, egemea kushoto na kulia. Shuka polepole bila kuburuta mguu.

Sasa chutama uangalie bomba. Chaki itakuonyesha mahali kisigino kinapogusa, na mara nyingi utashangaa, kwa sababu mtu hajui mguu wake unafanya nini akiwa na mawazo barabarani. Futa, paka chaki tena, kisha piga kiki mara tano huku swichi ikiwa imezimwa. Angalia tena. Kama alama za mara ya kwanza na za mara ya pili ziko mahali tofauti, una matatizo mawili na kila moja lina dawa yake.

Doa refu jeusi, limelala kufuata bomba, nyuma kidogo ya kikanyagio

Hili ndilo la kawaida kuliko yote, na ndilo lenye sababu nyingi. Nitakaa hapa kidogo.

Sababu ya kwanza ni jinsi unavyoweka mguu. Ukitazama miguu ya madereva pale kwenye mzunguko wa Kondele wakingoja abiria, wengi wameegemeza katikati ya unyayo kwenye kikanyagio na vidole wamevielekeza nje. Vidole vikitoka nje, kisigino huingia ndani, na ndani ndiko bomba liliko. Sogeza mguu nyuma kidogo ili ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole ndiyo ikae juu ya kikanyagio, na uelekeze vidole mbele. Kisigino kitainuka na kutoka nje chenyewe. Najua mguu ukikaa hivyo hauko juu ya pedali ya breki muda wote, na mjini dereva anataka breki iwe karibu. Basi uweke hivyo kwenye barabara ndefu, Kisumu kwenda Ahero au Maseno, ambako bomba hupata moto zaidi na mguu hutulia mahali pamoja kwa nusu saa.

Sababu ya pili ni pedali ya breki iliyokaa juu mno. Pedali ikiwa juu, unalazimika kuinua vidole ili usiibonyeze, na vidole vikipanda kisigino kinashuka. Angalia kimo chake: ukikaa kawaida, uso wa pedali uwe sawa na kikanyagio au chini kidogo. Kuna bolti ndogo ya kuzuia pedali yenye nati ya kufunga, legeza nati, zungusha bolti, kaza. Baada ya hapo lazima urekebishe ulegevu wa breki kwenye nati ya fimbo kule gurudumu la nyuma. Kwa breki ya drami, pedali isafiri milimita 20 hadi 30 kabla haijaanza kushika. Usiruke hatua hii. Ukishusha pedali bila kurekebisha ulegevu, breki inaweza kubaki imeshika kidogo muda wote. Injini itavuta mzigo usioonekana, bomba litazidi kupata moto, na doa litakuwa baya kuliko mwanzo.

Ya tatu ni kikanyagio kilichopinda. Nina mteja mmoja, mzee wa kutoka Chavakali, mtu nadhifu sana na pikipiki yake. Alikuja mara tatu kwa doa lilelile. Mara ya kwanza nilimsafishia. Mara ya pili nilimsafishia na kumshauri abadilishe viatu, akabadilisha. Mara ya tatu niliona haya kumtazama. Nikamwambia, "Jaduong', leo hatugusi doa. Shuka nipime." Nikaweka ubao ulionyooka chini ya pikipiki na kupima kutoka ncha ya kila kikanyagio mpaka ekseli ya gurudumu la nyuma. Upande wa kulia ulikuwa karibu na gurudumu kuliko wa kushoto kwa vidole viwili. Nikamuuliza kama imewahi kuanguka. Akafikiri, akasema, "Ilinilalia kwa matope kule Mbale, Aprili. Lakini haikuumia kitu." Haikuvunjika taa wala kioo, lakini kikanyagio kilirudi nyuma, na tangu siku hiyo kila kiatu alichovaa kilitua juu ya bomba. Tulifungua ule mwamba wa vikanyagio unaopita chini ya injini, tukaunyoosha kwa mchomeaji ukiwa umepata moto wa kutosha, tukaurudisha. Doa halijaonekana tena.

Nimejifunza kupima kabla ya kuuliza, kwa sababu watu hukumbuka ajali na kusahau kulaliwa na pikipiki. Wewe pia pima. Huhitaji zaidi ya utepe na ubao. Tofauti ya sentimita moja na nusu kati ya kulia na kushoto inatosha kukileta kisigino kwenye bomba. Na kama mwamba una ufa mahali ulipopinda, usiunyooshe. Nunua mwingine, maana kikanyagio kinachobeba uzito wako wote kikikatika njiani hutakuwa na muda wa kufikiria salensa.

Sababu za nne na tano nitazitaja kwa pamoja: bolti za mwamba zimelegea hivyo kikanyagio kinacheza, au mpira wake umeisha na mguu unateleza nyuma kila mara njia ikiwa na maji. Kaza, badilisha mpira. Ni kazi ya dakika kumi.

Michirizi mifupi ya wima, sehemu ya mbele ya bomba

Hapo ni kiki. Mguu unashuka kwa nguvu, kisigino kinapita ukingoni mwa bomba na kuacha mchirizi. Kama michirizi ni mingi, injini yako inakataa kuwaka kwa kiki moja. Tafuta sababu kwenye plagi, kabureta au valvu, na kwa pikipiki yenye stata, angalia betri. Piga kiki kwa sehemu ya mbele ya unyayo, usitumie upinde wa katikati. Angalia pia kama mkono wa kiki unakunjika na kukaa mahali pake. Mkono huo ukining'inia, unakisukuma kisigino nje ya nafasi yake wakati wote wa safari.

Madoa nyuma, juu ya tumbo la salensa

Hayo ni ya abiria. Dereva hulaumiwa na mwenye pikipiki kwa doa ambalo hakuliweka. Chunguza kikanyagio cha abiria upande wa kulia: kipo? Kinafunguka mpaka mwisho au kimekwama nusu? Kinashuka chenyewe mtu akikanyaga? Kikiwa hakipo, abiria ataweka mguu mahali pa karibu, na mahali pa karibu ni salensa. Kuna pia wale wanaobeba wawili. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja, na vikanyagio vya abiria ni viwili tu, kwa hiyo mtu wa tatu hana pa kuweka miguu isipokuwa kwenye moto.

Doa la abiria lina uzito wake kwa sababu mahali pale pale panapoyeyusha soli ndipo panapochoma shavu la mguu. Mwambie abiria apande na kushuka kwa upande wa kushoto. Mama aliyevaa sketi au mtoto wa shule anayeshuka kulia akiwa na haraka ndiye ninayemwona na kovu la duara chini ya goti. Akiungua, apewe maji safi ya baridi ya kawaida yatiririke juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi kisichonata. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na unga wa ngano havifai, vinalichafua jeraha na kuzuia joto lisitoke. Likitoa malengelenge makubwa, aende kituo cha afya.

Doa limezuka ghafla, na buti ni lilelile la mwaka jana

Kama hukubadilisha kiatu wala hukuanguka, basi bomba ndilo lililobadilika. Angalia kwanza kama kinga ya kiwandani ipo. Ni lile bati lenye matundu au kromu lililoshikiliwa na skrubu mbili au tatu juu ya bomba. Skrubu zake hulegea kwa mtikisiko, bati huanza kupiga kelele, dereva hulitoa ili kelele ziishe, akasahau. Au fundi alilitoa akibadilisha gaskiti na hakulirudisha. Fundi mwenzangu ukisoma hapa, tafadhali rudisha kinga za watu.

Kinga ikiwepo, pima joto. Endesha dakika 15, simama, chovya kidole kwenye maji na udondoshe tone moja juu ya bomba mahali penye doa. Tone likichemka na kutoweka papo hapo, uso umepita nyuzi 100. Likijikunja duara kama shanga na kukimbia juu ya chuma bila kukauka haraka, umefika karibu nyuzi 200 au zaidi, na hakuna soli ya kawaida itakayovumilia hapo. Karibu na kichwa cha injini ni kawaida kupata joto hilo. Nyuma ya kikanyagio, si kawaida sana kwa pikipiki ya kazi inayoendeshwa mjini.

Bomba likizidi joto, tafuta mchanganyiko wa hewa na petroli uliopungua petroli. Jeti ya kabureta, kile kitundu cha kupitishia petroli, imeziba kidogo, au mpira unaounganisha kabureta na injini una ufa unaoingiza hewa. Tazama ncha ya plagi: ikiwa nyeupe badala ya kahawia hafifu, umepata jibu. Gaskiti ya bomba kwenye kichwa cha injini ikivuja utaisikia ikipiga "chap chap" injini ikiwa baridi, na utaona masizi pale kwenye maungio. Valvu zilizokazwa mno na cheche ya plagi inayochelewa pia huongeza joto la bomba. Na breki ya nyuma iliyoshika, niliyoitaja juu: inua gurudumu, lizungushe kwa mkono, lisipozunguka kwa urahisi umeona tatizo.

Bomba linalobadilika rangi kuwa dhahabu kisha bluu karibu na injini si doa la kiatu. Ni joto limebadilisha uso wa kromu. Halitoki kwa sabuni, na kulisugua kwa nguvu kunaondoa kromu yenyewe.

Ni kiatu gani hiki?

Kabla hujashika kitambaa, ujue unachokiondoa. Lisukume doa kwa ukucha bomba likiwa baridi.

Likibonyea na kurudi kama ngozi ya ngoma, ni mpira. Likiwa gumu kama kioo na ukingo wake unabanduka vipandevipande, ni plastiki, na mara nyingi ni gambuti. Gambuti nyingi tunazovaa mvua ikianza ni za PVC, na PVC ile laini huanza kulegea hata kabla ya joto la maji yanayochemka. Tena watu hununua namba kubwa ili waingize soksi mbili, kisigino kikatokeza nyuma vidole viwili kuliko kiatu cha kawaida. PVC ikiungua hutoa gesi yenye tindikali, nayo huila kromu taratibu chini ya doa. Kwa hiyo doa la gambuti lisikae mpaka mwisho wa msimu. Raba zenye soli nyepesi ya povu nazo huyeyuka haraka, zikiacha utando mwembamba wa rangi ya soli.

Akala, zile ndara za tairi, ni habari nyingine. Mpira wa tairi umepikwa na salfa, mbinu ambayo Mmarekani Charles Goodyear aliipatia hataza mwaka 1844, na mpira uliopikwa hivyo hauyeyuki kama nta. Unachubuka tu na kuacha vumbi jeusi linalofutika. Sisemi uendeshe na akala, kwa sababu vidole na kifundo havina kinga ukianguka. Nasema tu kwamba buti la ngozi lenye soli ngumu ya mpira ndilo kiatu kinachoacha doa dogo kuliko yote na kumlinda mwenyewe.

Ukikuta doa jembamba lenye mikunjo, linalofanana na ngozi ya maziwa yaliyochemka, hilo ni la koti la mvua au mfuko. Ya mifuko yamepungua sana tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017. Kabla ya hapo nilikuwa nakwangua mifuko ya sokoni kila siku. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa Ahero uliokaukia kwenye bomba nao huitwa doa la buti, lakini ukiulowesha dakika kumi unatoka na maji.

Kuliondoa

Mpira hutoka ukiwa na uvuguvugu, plastiki hutoka ikiwa baridi. Watu wengi huharibu kazi kwa kugeuza hayo mawili.

Kwa mpira kwenye kromu: washa injini dakika mbili tatu, zima, ngoja mpaka uweze kugusa bomba kwa kidole kilicholowa na kukiondoa bila kuumia. Tumia mwiko wa zamani wa kusongea ugali. Ukingo wake mwembamba wa mbao unabandua mpira na hauikwangui kromu. Sukuma kwa mlalo kuanzia ukingoni mwa doa kwenda ndani. Utaona mpira ukijiviringa mbele ya mwiko kama uchafu wa kifutio. Ukipoa, washa tena dakika moja. Usitumie kisu wala bisibisi hata mara moja.

Kinachobaki ni kivuli cha kahawia. Bomba lipoe kabisa, kisha kunja karatasi ya foili, ichovye kwenye maji yenye sabuni kidogo, usugue polepole. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, kwa hiyo inakula uchafu bila kuchora uso. Maji yatageuka kijivu, ni kawaida. Suuza, kausha, maliza kwa dawa ya kung'arishia chuma na kitambaa safi.

Kwa gambuti: asubuhi na mapema, bomba likiwa na ubaridi wa usiku, weka ukingo wa mwiko chini ya ganda uligonge kwa kiganja. Mara nyingi litaruka kipande kizima. Mabaki yalainishe kwa asetoni ile ya kuondolea rangi ya kucha, bomba likiwa baridi, mbali na sigara na jiko, halafu uyafute.

Hapa naomba unisikilize. Usimwage petroli wala mafuta ya taa kwenye bomba la moto. Mafuta ya taa yanaweza kuwaka yenyewe bila cheche kwenye nyuzi 220 hivi, na umeona tone la maji linavyotuambia kuhusu joto la bomba. Kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni nayo huondoa doa la kromu, ni kweli, lakini tone likianguka kwenye injini ya aluminiamu huila mpaka ibaki na vishimo vyeupe, na likiingia jichoni hasara haina fidia. Sijawahi kuitumia na sitaitumia.

Kabla ya kuwasha injini baada ya kusafisha, futa bomba lote kwa kitambaa kikavu. Alama za vidole vyenye mafuta hupikwa zikabaki.

Bomba jeusi

Pikipiki nyingi za siku hizi zina bomba la rangi nyeusi isiyong'aa. Hapo foili na waya vitaondoa rangi pamoja na doa, na asetoni itailainisha. Tumia uvuguvugu na mwiko peke yake, kisha kubali kivuli kidogo au upake rangi upya. Ukiamua kupaka, tafuta rangi ya kopo iliyoandikwa kuwa inastahimili nyuzi 600, maana ya geti la nyumbani itaungua siku ya kwanza. Sugua kwa msasa namba 240 mpaka kutu yote itoke, futa kwa thina, paka mara tatu nyembamba. Rangi hii haikomai kwa jua. Inakomaa kwa moto wa injini: washa dakika kumi ipoe, ishirini ipoe, thelathini ipoe. Ukikimbilia safari ya Busia siku hiyohiyo itabanduka.

Mikwaruzo mikavu, hakuna kitu kilichonata

Kuna misumari au kokoto kwenye soli. Geuza buti, toa kokoto kwenye mifereji ya kisigino, pondea misumari ndani. Kama mkwaruzo umefika kwenye chuma, kwa unyevu huu wa ziwani utaona kutu baada ya siku chache. Paka nta ya gari mahali hapo kila wiki mpaka utakapoweza kurekebisha, iwapo ni sehemu ya nyuma isiyopata moto mkali.

Kinga

Ukishanyoosha kilichopinda na chaki bado inagusa, labda kwa sababu una mguu mrefu, weka kinga. Zipo za aina mbili na mimi nina ninayoipenda.

Ya kwanza hufungwa juu ya bomba lenyewe. Kata bati la chuma lenye unene wa milimita moja, urefu wa kama sentimita 20, likunje kufuata mviringo wa bomba, litoboe matundu. Lifunge kwa klipu mbili za chuma zile za kukazia mipira ya maji, na kati ya bati na bomba uweke vipande vya chuma vya kuliinua. Nafasi ya hewa iwe angalau sentimita moja. Nafasi hii ndiyo kinga yenyewe. Hewa ikipita katikati, inabeba joto. Bati likilalia bomba, baada ya dakika tano litakuwa na joto lilelile na utakuwa umehamisha doa tu. Usitoboe salensa ili kupiga ribiti, itavuja na kupiga kelele. Usitumie mpira wala plastiki kuliinua.

Ya pili hufungwa kwenye fremu au mwamba wa kikanyagio, bila kugusa bomba kabisa. Ni kibao kidogo cha aluminiamu cha milimita tatu, kimesimama wima kati ya kisigino na bomba. Kisigino kikiingia ndani kinakutana nacho kwanza, nacho ni baridi. Hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu inauzuia mguu badala ya kuuruhusu ukae juu ya moto. Ziviringe kingo zake zisikate ngozi, na kabla ya kukaza bonyeza breki mpaka mwisho na ushushe kiki mpaka mwisho, uone hakuna kinachogusa.

Ule utepe wa kitambaa wa kufungia bomba, unaouzwa sana siku hizi, siupendekezi huku kwetu. Unanyonya mvua, unalaza maji kwenye chuma usiku kucha, na ukiufungua baada ya masika mawili unakuta bomba limeliwa na kutu kama gunzi.

Kinga ikishakaa, endesha siku mbili, kisha ukaze klipu tena bomba likiwa baridi, kwa sababu hulegea joto likipanda na kushuka. Halafu toa ile chaki, paka kisigino, kaa, kanyaga breki mara kumi.